Kaunta buku langu la zahanati: miaka mitatu kwenye kamati ya usimamizi

Bibi mmoja jirani yangu alifungua pindo la khanga akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. Kilikuwa cheti cha dawa za presha kilichoandikwa pale zahanati, na chini yake neno moja: "Anunue." Bibi amepita miaka 70. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mzee asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Haki hiyo aliijua kunishinda. "Mwanangu," akaniambia, "kuonwa nimeonwa bure. Dawa ndiyo haipo."

Wiki mbili baadaye ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji na hoja ya zahanati ikalipuka. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema daktari anauza dawa zetu kwenye duka la dawa muhimu. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ila hasira ilikuwa ya kweli, maana karibu kila nyumba ilikuwa na cheti kama kile cha bibi. Siku hiyo hiyo ilitakiwa kujazwa nafasi ya mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati. Nikanyoosha mkono. Mimi ni fundi cherehani, sikusomea afya wala uhasibu. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya kuandika kila kitu kwenye daftari.

Vikao viwili vya mwanzo vilinivunja moyo. Tulikuta muhtasari umeshachapwa, ukasomwa haraka, tukasaini na kuchukua posho, tukarudi nyumbani. Nilisaini yote miwili. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu saini yangu ilisema nimeridhika na mapato na matumizi ambayo sikuyaona.

Kilichonitoa hapo ni mwongozo wa kamati. Nilimwomba mtendaji wa kata, akanipa nakala iliyofifia kiasi kwamba kurasa nyingine nilizisoma kwa kuziinua kwenye mwanga wa dirisha. Humo nikakuta kazi zetu: kujadili na kupitisha mpango na bajeti ya kituo, kufuatilia fedha zinazoingia na kutoka, kushuhudia upokeaji wa dawa, kupokea malalamiko ya wananchi na kuwarudishia majibu. Nikaelewa pia kwa nini kamati ina uzito kuliko zamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kubaki halmashauri. Zamani tungelalamikia fedha zilizokaa mbali. Sasa ziko hapa hapa, na ni sisi tunaopitisha mpango wa kuzitumia.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati ambaye sote tunamwita daktari, ndiye katibu wa kamati. Silaumu mpangilio huo, kwani yeye ndiye anayekijua kituo. Lakini kalamu ikiwa mkononi mwake peke yake, kamati inakosa kumbukumbu zake yenyewe, na ikifika siku ya kuulizana, maneno yake tu ndiyo yapo. Nikanunua kaunta buku.

Kikao cha tatu nikaomba kuona leja ya dawa. Daktari alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Mama, unaniona mwizi?" Mwenyekiti wetu, mzee mwenye busara, akageuza mazungumzo. Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini usiku nilijiona na mimi nina kosa. Niliuliza mbele ya watu, baada ya kijiji kizima kumwita mwizi, tena kwa sauti ya kumhoji. Ningekuwa yeye ningejibu hivyo hivyo.

Jumanne iliyofuata nikaenda zahanati saa nane mchana, wagonjwa wameshapungua. "Shikamoo daktari," nikasema, ingawa umri wetu haupishani sana. "Sijaja kukagua. Nimekuja unifundishe kusoma bin kadi." Aliniangalia kwa muda, akachukua ufunguo wa stoo.

Bin kadi ni karatasi ngumu inayokaa kwenye rafu pamoja na dawa yake. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kinaandikwa pale kwa tarehe, na mwisho wa mstari linabaki salio. Alinionyesha ya amoksilini ya watoto, vidonge vya kuyeyusha, ambavyo mtoto mwenye nimonia akikosa anaweza kupotea. Salio liliteremka mstari kwa mstari mpaka sifuri, kisha kadi ikawa nyeupe. Kwenye rafu, nyuma ya kadi, hapakuwa na kitu zaidi ya vumbi lenye umbo la boksi.

Nilianza kwenda kila Jumanne. Nilinakili tarehe na salio la dawa sita tu: amoksilini ya watoto, mseto wa malaria, ORS ya kurudisha maji kwa anayeharisha, zinki, parasetamo na dawa ya presha. Mtu anayetaka kufanya kazi hii namshauri asianze na dawa zote, atachoka mwezi wa kwanza. Dawa sita zinatosha kuonyesha hali ya stoo nzima. Baadaye nikaongeza kulinganisha na kitabu cha wagonjwa wa nje, kile cha namba 5 cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya: wagonjwa wangapi waliandikiwa mseto, na mseto kiasi gani ulitoka stoo.

Nilitarajia kumkuta mwizi, nikamkuta sifuri. Katika mzunguko mmoja wa oda wa siku 60, amoksilini ya watoto ilikuwepo siku 23 tu. Maboksi 30 yaliyopokelewa yote yaliisha ndani ya siku hizo. Kwenye fomu ya kuomba dawa iliyokwenda Bohari ya Dawa ya serikali, MSD, yakaandikwa matumizi ya maboksi 30, na sehemu ya kujaza siku ambazo dawa haikuwepo ikawekwa sifuri. Kwa hiyo aliyeisoma fomu ile aliona kituo kinachotumia maboksi 30 kwa siku 60, akatuletea kiasi cha kufanana na hicho. Ukweli ni kwamba kwa kasi ile ya siku 23 tulihitaji takriban maboksi 78. Dawa ilikosekana, kukosekana kwake kukasomeka kama kutohitajika, na mzunguko uliofuata ikakosekana tena. Nilirudia hesabu mara tatu kwenye meza ya cherehani, kitambaa cha mteja nimekisukuma pembeni, kwa sababu sikuamini kwamba hasira ya kijiji kizima ilianzia kwenye kisanduku kimoja cha fomu.

Nisimtetee daktari kupita kiasi. Kulikuwa na maboksi mawili ya mseto yaliyotoka bila maelezo yoyote. Tulipouliza, ikaonekana yaliazimwa na zahanati ya jirani kwa simu, bila hati. Kuazimana kati ya vituo ni jambo la kawaida na linaokoa maisha, ila bila karatasi linafanana kabisa na wizi. Hati ikaandikwa, upande wa pili wakasaini, na tukaweka kwenye muhtasari kwamba hakuna dawa inayotoka kwa simu tu.

Siku moja nikiwa nasubiri stoo ifunguliwe nikafungua kitabu cha usimamizi, kile ambacho timu ya afya ya halmashauri huandika maoni kila inapotembelea kituo. Ziara nne mfululizo, kwa kalamu tofauti na saini tofauti, zilikuwa na maneno yaleyale: "Boresheni utunzaji wa kumbukumbu za dawa." Hakuna ziara iliyouliza kama agizo la ziara iliyotangulia lilitekelezwa, wala hakuna aliyekaa na daktari akamwonyesha kosa lilipo. Hapo nilielewa tatizo la usimamizi wetu. Watu wanadhani serikali haisimamii. Inasimamia: wakaguzi wanakuja, na kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anatoa ripoti yake kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, ikawasilishwa bungeni. Lakini agizo linaloachwa kwenye kitabu bila mtu wa kulifuatilia kituoni linabaki wino. Mtu huyo ni mjumbe wa kamati, kwa sababu yeye haondoki na gari jioni.

Tukabadilisha ajenda. Kila kikao cha robo mwaka kikaanza na kitabu cha usimamizi: agizo gani liliachwa, nani alipewa kazi, limefikia wapi. Kisha jedwali langu la dawa sita. Muhtasari ule wa kwanza wenye tarakimu ulikuwa wa ukurasa mmoja na nusu. Hatukuandika "dawa hazitoshi." Tuliandika dawa gani, siku ngapi haikuwepo, ziliombwa ngapi na zilizohitajika ni ngapi. Ukapita serikali ya kijiji, ukasomwa kamati ya maendeleo ya kata, nakala ikaenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Malalamiko yetu ya miaka ya nyuma hayakuwahi kujibiwa hata mara moja. Huu ulijibiwa. Mfamasia wa wilaya alikuja akakaa na daktari siku nzima wakijaza fomu upya, na daktari mwenyewe ndiye aliyenipigia simu jioni: "Mama, njoo na lile daftari lako, tunahitaji zile siku."

Oda iliyofuata iliongezeka. Haikuja kamili, na MSD nao hukosa. Hapo tulijifunza hatua nyingine: MSD wakikosa dawa hutoa taarifa kwamba haipo, na kwa taarifa hiyo kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeingia mkataba kuhudumia vituo vya mkoa, mfumo ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenea mikoa yote. Kabla ya hapo taarifa zile zilikuwa zinawekwa kwenye faili tu. Kamati ikikutana mapema na kupitisha manunuzi, dawa inafika ndani ya wiki chache. Ikisubiri kikao cha robo mwaka, mtoto hasubiri.

La wazee lilichukua muda mrefu zaidi. Wengi hawakuwa na kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo dirishani ilibaki neno lao dhidi ya neno la nesi. Afisa ustawi wa jamii anayetuhudumia ana eneo kubwa mno, na nilipomwona mara ya kwanza aliniambia wazi kwamba nyumba kwa nyumba peke yake hataweza. Tukagawana. Mabalozi wa nyumba kumi waliandika majina, mtendaji wa kijiji akahakiki, orodha ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji ili anayejua jina lisilostahili aseme, kisha afisa ustawi akaichukua halmashauri kwa ajili ya vitambulisho vya matibabu. Majina mawili yaliondolewa mkutanoni na matatu yakaongezwa, kati yao mzee asiyeona ambaye hakuna balozi aliyemkumbuka kwa sababu hatoki ndani. Bila kusoma orodha ile kwa sauti tungemwacha.

Niliharibu jambo moja na ninalisema ili wengine wasilirudie. Sanduku la maoni lilikuwa linafunguliwa na mhudumu wa kituo peke yake. Tukaamua lifunguliwe na watu watatu kila mwezi. Mwezi wa kwanza tulikuta barua ya mama aliyetukanwa usiku wa kujifungua. Niliisoma yote kikaoni kama ilivyo, pamoja na tarehe. Nesi akajua papo hapo ni nani aliyeandika, kwa kuwa usiku ule alizaa mwanamke mmoja tu. Yule mama hakurudi tena kwetu kliniki, alikuwa akitembea mpaka kata ya pili na mtoto mgongoni. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, lakini kliniki yetu hakurudi. Tangu siku hiyo barua zinafupishwa kwanza: tatizo linabaki, tarehe na mazingira yanatolewa.

Kipindi changu cha miaka mitatu kimekwisha. Kuna ambalo hatukuliweza: watumishi. Kituo kilichotakiwa kuwa na wengi kina watu watatu, na mmoja akienda likizo usiku hauna mtu. Tumeliandika kila robo mwaka na majibu ni kwamba vibali vya ajira vinasubiriwa. Nimeacha liendelee kuwa ajenda namba moja.

Kaunta buku nimelikabidhi kwa dada aliyechukua nafasi yangu, pamoja na kalamu mbili, nyekundu kwa siku ambazo dawa haipo. Gari la MSD linatarajiwa Alhamisi. Nimemwomba afike mapema, maana mara ya mwisho maboksi yalianza kusainiwa kabla ya kufunguliwa.