Narudia GMAT, ila safari hii sipigi msuli wa advansi

Tuweke sawa hili kwanza maana nimechoka kuulizwa kama nilifeli kila nikikutana na watu: GMAT, ule mtihani wa kuingilia shule za biashara, haina kufaulu wala kufeli. Unapewa alama kati ya 205 na 805, basi, chuo ndo kinaamua kama zinakitosha. Mimi nilipata 575, na kuna vyuo vinaipokea hiyo vizuri tu, ila chuo ninachokitaka mimi kiko Ulaya na bila ufadhili siendi popote, sasa kuomba ufadhili bila kugusa hata 645 naona ni kujisumbua. Kwa mliozoea ile hadithi ya "pata 700", skeli ilibadilika mtihani mpya ulipoingia Novemba 2023, 645 ya sasa ndo inakaa karibu na 700 ya zamani. Kwa hiyo narudia. Sio sapu, sijadisko, narudia kwa hiari yangu na kwa hela yangu, na hiyo hela ndo inauma maana inazidi dola 200.

Mama yangu nilipompigia kumwambia alinyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Mwanangu, si ulishamaliza chuo wewe? Mitihani gani tena hiyo?" Nikamwambia mama huu ni wa kuingilia shule ya biashara, akasema haya, Mungu akutangulie, ila kula vizuri. Kwake mjadala ukaishia hapo. Kazini ndo mjadala hauishi.

Sasa twende kwenye ripoti ya alama. Mtihani una sehemu 3, kila moja dakika 45: Quant ya hesabu maswali 21, Verbal ya kusoma maswali 23, halafu Data Insights ya kuchambua data, tuiite DI, maswali 20. Kila sehemu inapimwa kuanzia 60 hadi 90. Mimi Quant ilinipa 82, Verbal 79, DI 74. Na kitu ambacho watu wengi hawakishtukii ni kwamba sehemu zote 3 zina uzito sawa kwenye ile alama kubwa, yaani DI ni theluthi nzima ya mtihani, sio kiungo cha pembeni. Ukiingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa GMAT utakuta stori ni Quant tu asubuhi mpaka jioni, probabiliti, namba tasa, mwendo wa treni mbili zinazokutana njiani, halafu DI inasomwa wiki ya mwisho.

Lakini nilivyokaa na ile ripoti nikitafakari naona tatizo ni pana kuliko DI, ni malezi yetu ya mtihani. Sisi tuliopita kwenye NECTA, mitihani ya taifa, tumefundwa vitu viwili toka fomu wani: onyesha njia, na anza na maswali mepesi halafu urudi kwenye magumu. Mimi advansi nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na ile hesabu yake ya BAM nilikuwa naijaza njia ukurasa mzima, hata jibu likikataa mwalimu ananipa maksi zangu za njia na maisha yanaendelea. GMAT haijui njia. Haina habari na ukurasa wako. Na swali linakuja moja moja kwenye skrini, huwezi kulipita bila kuchagua jibu, kompyuta inapima unavyojibu na inakupangia linalofuata kulingana na hapo. Ndiyo, unaweza kuweka alama kwenye swali na ukimaliza sehemu kama muda umebaki unarudi kubadilisha majibu, ila yasizidi 3. Na maswali ukiyaacha mwishoni hujayagusa unakatwa, bora hata ubahatishe.

Piga hesabu ya muda uone. Quant ni kama dakika 2 na sekunde 8 kwa swali, Verbal haifiki hata dakika 2, DI dakika 2 na robo. Mtu aliyelelewa kwa "usikubali kushindwa na swali" anatumia dakika 5 kung'ang'ana na swali moja, analipata, anajipongeza, kumbe ameyaua mawili ya mbele. Kwa hiyo safari hii ninachojifunza zaidi ni kuacha. Nimejiwekea sheria, dakika 1 ikipita sijaona hata pa kuanzia nachagua chochote kinachofanana na jibu naenda zangu. Inauma sana, nadhani kuliko ile dola 200.

DI yenyewe ina aina 5 za maswali, kuna ya majedwali, ya grafu, ya kusoma vyanzo vingi kwa pamoja, ya majibu mawili mawili, na ile inayoitwa Data Sufficiency ambayo ndo inatuonea zaidi sisi watu wa njia. Ngoja niwape mfano nimeutunga mwenyewe. Chapati moja kwa mama ntilie ni shilingi ngapi? Taarifa ya kwanza: chapati 2 na chai 1 ni shilingi 1,500. Taarifa ya pili: chapati 4 na chai 2 ni shilingi 3,000. Hapo huulizwi bei, unaulizwa kama taarifa zinatosha kuijua bei. Mtu wa BAM akiona vitu viwili visivyojulikana na milinganyo miwili mkono unamtetemeka, anachagua kwamba zote mbili kwa pamoja zinatosha, kumbe ya pili ni ile ile ya kwanza imezidishwa mara 2, haijaongeza kitu hata kidogo, jibu ni kwamba hazitoshi hata ukiziunganisha. Swali la sekunde 30 hilo kwa anayeangalia kabla ya kukokotoa. Siku hizi nikifanya haya maswali naweka kalamu mbali kabisa, naangalia tu.

Kuna rafiki yangu ananisukuma nihamie GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya juu, anasema shule nyingi za biashara zinaipokea na ni kweli, na kule ndani ya sehemu unaruhusiwa kuruka swali na kulirudia, kikotoo kipo kwenye hesabu. Kwenye GMAT kikotoo kipo DI tu, Quant ni kichwa na mkono wako. Nimefikiria sana, ila GRE ina ile misamiati yao ya Kiingereza ambayo sijui nani anaitumia, na kuanza kuikariri saa hizi sina nguvu hiyo. Isitoshe GMAT mpya jometri wameitoa, na sentensi za kusahihisha sarufi wameziondoa pia, insha nayo imeenda. Verbal imebaki kusoma vifungu na kuchambua hoja. Kuchambua hoja nafanyia mazoezi kwenye mwendokasi, kila asubuhi Kimara hadi Posta hakukosekani watu wa Simba na Yanga, mmoja akisema "tumefungwa kwa sababu ya kocha" mimi natafuta kimoyomoyo amechukulia nini bila kukisema. Watu wananiona natabasamu peke yangu.

Ratiba yangu ni saa kumi na moja alfajiri kabla ya kazi, maana jioni na foleni hii ubongo unafika umeshaiva. Maswali machache, halafu muda mrefu kwenye daftari la niliyokosa, kila swali naandika limenipiga kwa nini: sikujua, nilisoma haraka, au niling'ang'ana. Safu ya kung'ang'ana ndo ndefu.

Vitu vidogo kwa anayejiandaa naye. Jina unalojisajilia lifanane na la kwenye pasipoti, sisi wa majina matatu tuwe makini hapo. Ukirudia lazima zipite angalau siku 16 toka ulipofanya mara ya mwisho, na mwisho ni mara 5 ndani ya miezi 12. Alama unaziona kwanza ndo unachagua zipi ziende chuo gani, kwa hiyo ile 575 yangu sio lazima mtu aione. Kufanyia nyumbani inaruhusiwa, ila na umeme huu wetu mimi naenda senta, na kule hupewi karatasi, unapewa kijitabu cha plastiki na maka, nimeshanunua maka yangu nafanyia mazoezi.

Unaruhusiwa pia kuchagua uanze na sehemu ipi, mimi naanza na DI kichwa kikiwa bado kibichi, Quant namalizia. Moko rasmi za bure ziko 2 tu, moja bado nimeitunza, naifanya Jumamosi saa ile ile ya mtihani wenyewe. DI ikigoma tena nasogeza tarehe, kusogeza kuna ada yake ila ukifanya mapema ni nafuu kuliko ukisubiri wiki ya mtihani.