Kadi ya Mama Mkwe

Juzi binti yangu aliniletea simu. "Baba, TVB ni nini?" Ujumbe ulitoka kwa mwenzake wa darasani ambaye baba yake ni Mtaliano. Nikamwambia ni "ti voglio bene", nakupenda kwa Kitaliano, vijana wa kule wameifupisha tangu enzi za SMS. Yeye akaridhika akaenda zake. Mimi mawazo yakanirudisha kwenye ile meza ya Casuarina, hapa Malindi.

Malindi yetu mnaijua. Waitaliano tunao tangu miaka ya 1960, walipokuja wa San Marco, mradi wa anga wa Italia, kurusha roketi kule Ngomeni, na aliyekulia ufukweni hukiokota Kitaliano kabla hajakisoma. Basi Mwingereza mmoja aliyeolewa na Mtaliano akaniita nimkagulie kadi ya mama mkwe wake, aliyekuwa anatimiza miaka 80. Sarufi ilikuwa safi. Tatizo ni mstari wa mwisho: "Ti amo, mamma", nakupenda, mama.

Nikaweka kidole pale pale. "Ti amo" ni ya mke na mume, au ya wapenzi. Mtoto kwa mzazi, bibi kwa mjukuu, ndugu, rafiki, wote hao ni "ti voglio bene". Ukiichambua neno kwa neno utapata nakutakia mema, lakini Mtaliano akiisikia hasikii salamu za heri, anasikia upendo wenyewe. Nafasi kwenye kadi ilikuwa finyu, akauliza kama "ti voglio" peke yake inatosha. Nikamzuia kalamu. Ukiondoa "bene" inabaki nakutaka, kwa maana ile ile ya mitaani kwetu, na huwezi kumwandikia hivyo mama mkwe.

"Sasa si nitakuwa nimempunguzia?" akasema. "Kwetu nampenda mume wangu, mama yangu, mbwa na chai, neno ni moja tu."

Ni kweli, ingawa Kiingereza nacho kina mizani yake. "In love" ni mahaba, "love" tupu ni ya kila mtu, na "love you" ya kukatia simu, ile isiyo na "I", ni nyepesi kuliko sentensi kamili. Mtaliano yeye hubadilisha kitenzi chenyewe. Hata chakula hakiingizi kirahisi kwenye "amare", kitenzi cha hiyo "ti amo". Pizza husemewa "mi piace", inanipendeza. Ndiyo maana wanaotia sauti za Kitaliano kwenye filamu za Marekani hutazama kwanza nani anamwambia nani. "I love you" ya baba kwa bintiye hugeuka "ti voglio bene", ya mchumba huwa "ti amo".

Na kama hofu ni kupunguza, kuongeza kupo: "tanto bene", mema mengi, au "un mondo di bene", yaani mema ya ulimwengu mzima. Tukaandika hiyo ya ulimwengu, kwa herufi ndogo ndogo ili ienee. Nikamsihi pia asiitoe kadi usiku ule, maana Waitaliano wengi huona kupongezwa kabla ya siku yenyewe ni nuksi.

Kesho yake ikasomwa mezani, mama akafurahi, keki ikakatwa. Lakini yule mke alinifuata tena jikoni: kati ya "ti amo" na "ti voglio bene", ipi ni kubwa?

Swali lile lilinishika, na bado linanishika. Wanandoa waliozeeka pamoja huambiana "ti voglio bene" na ndani yake mna miaka yote ya kuuguzana na kusameheana. Kijana naye akimwambia msichana "ti amo" akajibiwa "ti voglio bene", huondoka akijua amekataliwa kwa upole. Nilimwambia inategemea nani kaanza kusema, na anangoja kusikia nini. Akatikisa kichwa, akasema hilo si jibu. Tangu hapo nimewauliza Waitaliano kadhaa, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja amenijibu lake.