Kwa Nini Kisu cha Mfukoni Kisiwe Kigumu Kupita Kiasi

Wauzaji wa visu vya kukunja wamezoea kututajia ugumu wa chuma kana kwamba ndio sifa pekee ya kisu, na mnunuzi akisikia kwamba hiki kina 58 na kile kina 65 kwa kipimo cha Rockwell, huamini papo hapo kwamba cha pili ndicho imara zaidi. Mimi naona vingine: kwa kisu kinachokaa mfukoni na kutumiwa kwa kila kazi inayojitokeza, ugumu ukizidi huwa kasoro, hata kama mtu ameulipia bei kubwa.

Kipimo chenyewe, ambacho Hugh na Stanley Rockwell walipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1919, hupima jambo moja tu. Ncha ya almasi hukandamizwa juu ya chuma kwa nguvu inayojulikana, kisha hutazamwa imezama kiasi gani. Namba hiyo inatueleza jinsi chuma kinavyokataa kubonyea, lakini haisemi lolote kuhusu kitakachotokea kikipindwa au kikigongwa. Ushahidi wa karibu ni tupa, ambayo ina ugumu wa kula chuma kingine, lakini ukiigonga kwa nyundo hukatika bila hata kupinda (na anayetaka kujaribu avae miwani kwanza).

Bapa la kisu hupashwa moto, ambao kwa vyuma visivyoshika kutu huzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla. Kaboni hunaswa ndani ya chuma na kukifanya kigumu lakini chepesi kuvunjika, ndiyo maana fundi hukirudisha kwenye joto la chini zaidi ili kilegee kidogo. Kilegee kiasi gani, huo ndio uamuzi unaotofautisha visu. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi huuacha ugumu wa visu vyake kwenye 55 hadi 56, kwa chuma chenye kaboni ya takriban nusu asilimia. Upande wa pili kuna chuma cha ZDP-189 cha Japani, chenye kaboni ya takriban asilimia 3 na metali ya kromiamu ya takriban asilimia 20, ambacho hufikishwa 64 na zaidi. Kaboni nyingi kiasi hicho haiwezi kuyeyuka yote ndani ya chuma. Inayobaki huungana na kromiamu na kuwa chembe ngumu za kabidi. Chembe hizo huyachelewesha makali yasilike, lakini ndizo pia ambako ufa hupata pa kuanzia.

Makali ya chuma laini yakikutana na mfupa au waya hukunjika upande, ilhali yale ya chuma kigumu humeguka. Yaliyokunjika hunyooshwa kwenye kinoo kwa dakika chache. Yaliyomeguka humlazimu mwenye kisu kulisaga bapa lote hadi afikie kina cha pengo, na chuma kikiwa na vanadiamu nyingi (metali nyingine inayochanganywa na chuma) kazi huwa ndefu zaidi, kwa kuwa kabidi zake ni ngumu kuliko oksidi ya alumini iliyomo katika vinoo vingi. Hapo hutafutwa kinoo cha almasi.

Ncha ina balaa lake. Visu vingi huvunjikia hapo kwa sababu mtu amebandulia kifuniko cha kopo la rangi, na hapo unene una neno kuliko jina la chuma: bapa likipunguzwa unene kwa nusu, nguvu inayotosha kulivunja kwa kulipinda hubaki robo.

Siukatai ugumu wenyewe. MagnaCut, chuma alichokibuni Larrin Thomas na kilichotoka mwaka 2021, kimeundwa ili kabidi zake ziwe ndogo na zisiwe za kromiamu, hivyo hustahimili vishindo vizuri hata kikiwa na ugumu wa zaidi ya 60. Na mtu ambaye kazi yake ni kukata maboksi ya karatasi ngumu kutwa nzima, kwa mkato ulionyooka na bila kupindisha mkono, atafaidika na chuma cha 64 kuliko mimi ninayemenya machungwa, kukata kamba za magunia na kukwaruza ncha za betri kwa kisu kilekile.