Si Kivuli, Ni Mimi

Andiko: Luka 24:36–43

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa ndugu zetu wanaoabudu kwa Kiingereza, neno "ghost" limehama makazi. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Roho Mtakatifu huitwa "Holy Ghost". Pale msalabani, ambapo sisi tunasoma "akaisalimu roho yake" (Yohana 19:30), wao husoma kwamba aliitoa "ghost". Lilikuwa neno zito, la heshima, lililotoka kwenye "gast" la Kiingereza cha kale, ndugu wa "Geist" la Kijerumani. Na katika Biblia hiyohiyo, kile ambacho wanafunzi walidhani wamekiona ziwani usiku, na tena baada ya ufufuo, kinaitwa "spirit". Fungua sasa NIV, tafsiri ya Kiingereza cha siku hizi: majina yamebadilishana. Mungu ni "Spirit", na kitu cha kuogofya ndicho "ghost".

Siwalaumu watafsiri. Mtoto wa leo akilisikia neno hilo huwaza mzuka wa marehemu, na hakuna anayetaka mtoto amwaze Mungu hivyo. Lakini tazama lilivyoendelea kutumika. "Ghost" kwenye orodha ya mishahara ndiye yule tunayemwita mtumishi hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliwaondoa zaidi ya 10,000. Vijana nao husema fulani "kanighost": mlikuwa mkiongea kila siku, ghafla kaingia mitini, ujumbe anausoma na jibu haliji. Neno lililomtaja Mungu aliye hai sasa linamtaja mtu ambaye hayupo mahali anapotakiwa kuwepo.

Turudi kwa Luka. Wanafunzi wamekusanyika Yerusalemu, Yesu anasimama katikati yao na kusema, "Amani iwe kwenu." Wao wanashtuka, wakidhani wanaona roho. Ziwani walifanya vilevile: "Ni kivuli," wakapiga yowe, naye akawajibu, "Ni mimi, msiogope" (Mathayo 14:26–27). Safari hii anawaonyesha mikono na miguu. Anawaambia wamshike. Bado hawasadiki, basi anauliza kama wana chakula, wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, naye anakula mbele yao.

Hapa ndipo moyo wangu umekaa wiki nzima. Ni nani hasa aliyekuwa ametoweka? Usiku ule wa Gethsemane, "wakamwacha, wakakimbia wote" (Marko 14:50). Walioingia mitini ni wao. Aliyeachwa ndiye anayewatafuta, akiwa na majeraha yake, na neno lake la kwanza ni amani. Hakuanza na "mlikuwa wapi?"

Na huyo ndiye aliyetuahidi Msaidizi mwingine, "ili akae nanyi hata milele" (Yohana 14:16). Akae! Wako kati yetu waliolelewa katika hofu ya mizimu, na wakisikia Roho ameshuka, miili inawasisimka kama vile kuna kitu kimeingia kudhuru. Wengine humtarajia kwenye mkesha tu, kisha alfajiri wanarudi nyumbani kana kwamba wamemwacha kanisani. Mpendwa, Roho huyu hakuja kukutisha, wala haondoki maspika yanapozimwa. Yuko nawe jikoni na kwenye foleni ya daladala, na hata siku ambayo huna hamu ya kuomba.

Basi kama yeye anakaa, sisi tunatowekaje? Kuna mjane ambaye ujumbe wake umekaa kwenye simu yako tangu msiba ulipoisha. Kuna ndugu aliyeacha ibada na hakuna aliyeuliza. Mara nyingi si kwamba hatuwapendi; tumechelewa kujibu, aibu ya kuchelewa ikazidisha ukimya. Mjibu leo hivyohivyo, umechelewa. Kisha umfuate nyumbani, na akikukaribisha chakula, kaa ule.