Ile yenye kilomita 96,000

Nilishazunguka wiki kadhaa natafuta pikipiki used ya safari ndefu, yaani ya kukaa juu yake siku nzima na mizigo na kesho yake mgongo bado ukubali. Moyo ulikuwa kwa Honda ST1100. Silinda nne zilizopangwa kama herufi V, tangi lita 28, afu haina cheni, nguvu inaenda gurudumu la nyuma kwa shafti kwa hiyo mambo ya kukaza cheni njiani unayasahau.

Ya kwanza kuiona ilikuwa inang'aa balaa. Mita inasoma 19,000 tu na pikipiki ina miaka zaidi ya 20, nikajua nimepata. Nikagusa injini, ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla sijafika, kwa hiyo siwezi kujua kama inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Tairi zina meno yote ila nikachuchumaa nikasoma zile namba nne za pembeni, 1108, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2008! Mafuta ya breki yamekuwa kahawia kabisa. Pikipiki iliyosimama miaka yote hiyo mipira inakauka, kabureta zinaziba, na hii inazo nne. Nikaaga, na iliniuma kweli maana rangi yake niliipenda sana.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja, kilomita 96,000, mikwaruzo kila kona. Nilishamuomba kwenye simu asiiwashe, nikafika asubuhi na mapema, shikamoo, marahaba, mkono kwenye injini, baridi. Akavuta choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, ikawaka mara ya kwanza. Nikakaa kimya naisikiliza mpaka ikatulia, hakuna kugonga wala moshi.

Afu akanipa daftari. Kila oili, kila plagi, kila tairi, tarehe na kilomita, kwa mkono wake miaka yote. Nimesoma lile daftari nimesimama palepale, sikutaka hata kukaa.

Akaniambia mwenyewe, "Kijana wangu, usukani una tatizo, usije ukasema nilikuficha." Tukaiweka stendi kubwa, akakaa nyuma kabisa gurudumu la mbele likanyanyuka, nikageuza usukani taratibu na kweli pale katikati unakwama kidogo, beringi zimelika. Akapunguza bei bila hata kubishana. Nikalinganisha namba ya chesi na kadi, zikafanana, nikamlipa.

Nilipotaka kuvaa helmeti akasema mwanangu naomba niizungushe mara moja tu. Pesa nimeshampa, kadi ninayo mfukoni, nikampa funguo. Akapotea dakika 40 hivi, mimi nimekaa kwenye ngazi zake na daftari mapajani. Aliporudi hakusema kitu, alizima, akashuka taratibu akashika shika kiti. Nikaja kuwasha mie, mshale wa mafuta umelala kwenye full.