Uji wa Marikiti

Oktoba 2017 ilinikuta nimekwisha. Mama alipatwa na kiharusi mwezi Julai, wauguzi wa hospitali za umma wakiwa kwenye mgomo ulioanza Juni, na hospitali ya kulipia ilitumalizia akiba kwa siku sita. Tukamrudisha nyumbani Kayole, Nairobi. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, nilimgeuza ubavu asifanye vidonda: mto katikati ya magoti, kitambaa cha maji ya uvuguvugu mgongoni, shuka ivutwe isibaki na mkunjo hata mmoja. Saa kumi alfajiri mdogo wangu alishika zamu, nami nikapanda matatu kwenda soko la Marikiti kutafuta sukuma na nyanya za kibanda. Wateja wenyewe walikuwa wachache. Mji wote ulikuwa unangoja uchaguzi wa marudio wa tarehe 26.

Nilikuwa naomba, ndiyo. Ila maombi yangu yalikuwa yamebaki neno moja: Baba. Kabla sijafika la pili, nimeshalala. Hilo liliniuma kuliko uchovu wenyewe. Nimelelewa kwenye mikesha, na niliamini kwamba asiyeweza kukesha na Mungu wake amemwacha.

Alfajiri moja, mvua ikinyunyiza, niliketi juu ya gunia la viazi na miguu ikakataa kuinuka. Sikulia. Nikamwambia Mungu, kwa sauti kabisa: "Imetosha. Nichukue."

Shosho mmoja aliyeuza uji karibu na lango alinisikia. Alimimina uji wa wimbi kwenye kikombe cha plastiki, akakizungusha ule utando wa juu uzame, akanishikisha. Mikono yangu ilitetemeka, basi akaizungushia ya kwake, migumu na yenye joto.

"Kunywa, mwanangu."

"Shosho, hata kuomba siwezi tena."

"Eliya aliomba nini chini ya ule mti? Aliomba afe. Mungu akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Kunywa."

Eliya nilimjua tangu shule ya Jumapili: moto wa Karmeli, manabii wa Baali, kunguru. Chini ya ule mretemu hatukuwahi kuketishwa. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba malaika hakumkemea nabii kwa kuchoka, bali alikubali kabisa kwamba safari ilikuwa kubwa kumshinda. Nilikunywa huku maneno hayo yakinishukia pamoja na uji, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nikahisi kwamba kuna anayejua uzito wa mama yangu ninapomgeuza.

Nililala palepale juu ya gunia. Shosho alinifunika leso yake, akakiweka kikapu changu chini ya meza yake. Aliponigusa bega kulikuwa kumekucha, makelele ya mikokoteni yamejaa, na kikombe cha pili kilikuwa tayari. Pesa alikataa.

Nilifika Kayole nimechelewa, sukuma zenyewe za kubahatisha. Usiku ule nilimgeuza mama, nikanyoosha shuka, nikajilaza kwenye godoro chini ya kitanda chake. Nikasema "Baba", usingizi ukanichukua. Sikuomba msamaha.