Nilivyoipata giaboksi ya gari nililoliunda mwenyewe

Gari lenyewe ni nakala ya Lotus Seven, lile gari jembamba la viti viwili lisilo na milango, ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alilitoa mwaka 1957. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza mwaka 1973, lakini hapa Uingereza wapo watu wengi wasionunua lililokamilika. Wanakata mabomba ya mraba, wanachomelea chasisi wenyewe, kisha wanatafuta gari kuukuu la kuchinja ili wapate injini, difu (gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye tairi) na usukani. Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa Tanga, naishi Northampton, na kazi yote nimeifanya kwenye gereji ya nyumbani, jioni na siku za Jumapili.

Gari nililolichinja lilikuwa Mazda MX-5 ya injini ya 1.8, iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster na kuletwa hapa kama mtumba. Nililipata kwa bei nafuu kwa sababu lilikuwa otomatiki. Injini nzima, difu nzima, mguu wa nyuma mzima. Giaboksi yake ya gia nne sikuifikiria hata siku moja. Gari jepesi namna hii unaliendesha kwa mkono na mguu, la sivyo sioni sababu ya kuliunda. Kwa hiyo nikabaki na injini isiyo na giaboksi.

Wenzangu wengi wanaounda magari haya hutumia giaboksi ya Ford iitwayo Type 9, ya gia tano, iliyotoka kwenye Sierra za miaka ya 1980. Ni ndogo, inapita kwenye handaki jembamba la katikati, na vipuri vyake havikosekani. Ila kwa injini yangu ningehitaji kutengenezewa belihauzi, ile kengele ya aluminiamu inayokaa kati ya injini na giaboksi. Wengine waliniambia nitafute ya gia sita, iliyokuja kwenye MX-5 za baadaye. Nikaitamani sana. Gia sita! Nilishaanza kuweka pesa pembeni.

Kilichonisimamisha ni simu niliyompigia baba mdogo. Alikuwa fundi wa malori Tanga, na maisha yake yote yalikuwa magari yanayopanda Lushoto na mzigo.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Lile gari lako limefika wapi?"

Nikamweleza habari ya gia sita. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza litakuwa na uzito gani. Nikamwambia kilo mia sita na ushee.

"Na lile ulilotoa injini?"

"Karibu elfu moja."

"Sasa gia ya kupandia mlima na mzigo utaifanyia nini, mwanangu? Hesabu kwanza. Usinunue kitu hujakihesabu."

Nikachukua chaki, nikahesabu ukutani mwa gereji, na hesabu hiyo naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoamua kila kitu. Unahitaji vitu vitatu: uwiano wa kila gia (shafti ya kuingilia inazunguka mara ngapi ili ya kutokea izunguke mara moja), uwiano wa difu, na mzingo wa tairi. Difu yangu ni 4.1. Tairi zangu ni 185/60 za inchi 14, na zikizunguka mara moja gari linasogea takriban mita 1.8.

Gia ya kwanza ya ile giaboksi ya gia sita ni 3.76. Zidisha kwa 4.1, unapata zaidi ya 15: injini inazunguka mara kumi na tano ili tairi lizunguke mara moja. Kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika gari lingekuwa kwenye kilomita 46 kwa saa tu, na tayari ningelazimika kubadilisha. Giaboksi ya gia tano ya MX-5 ina gia ya kwanza ya 3.136, inayonifikisha 55. Kwa gari zito tofauti hiyo ni msaada wa kuondokea. Kwa gari la kilo mia sita, gia ya kwanza fupi kupita kiasi inaishia kukwangua lami na kumchosha dereva kwenye kila taa za barabarani.

Nikahesabu pengo kati ya gia ya kwanza na ya pili. Type 9 ya kawaida inatoka 3.65 hadi 1.97. Ukibadilisha kwenye 6,500, injini inaanguka hadi 3,500, na hapo unasubiri nguvu irudi. Ya Mazda ya gia tano inatoka 3.136 hadi 1.888, inaanguka hadi 3,900. Ya gia sita? 3,900 pia. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Kisha barabara kuu. Mwendo wa juu unaoruhusiwa hapa ni maili 70, karibu kilomita 113 kwa saa. Kwa gia ya tano ya 0.814 injini yangu ingezunguka kama 3,450. Kwa gia ya sita ya 0.843, karibu 3,600. Yaani ile gia sita niliyoitamani ingepiga kelele zaidi kwenye safari ndefu, mpaka nibadilishe na difu. Mazda wenyewe waliifungia difu ya uwiano mwingine. Nilifuta jina lake ukutani usiku huohuo.

Kupata giaboksi nzuri ya gia tano ilikuwa habari nyingine. Muuzaji mmoja wa vipuri vya mtumba aliniuzia moja akisema haina tatizo. Nilipofungua nati ya kumwagia oili, niliipitisha ile oili kwenye kitambaa cheupe. Utope wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida, chuma kinasagika kidogo kidogo kwa miaka. Lakini kitambaa changu kiling'aa vipande vya rangi ya dhahabu. Hiyo ni shaba ya ringi za sinkromeshi, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana. Zikiisha, gia inalia ukiingiza. Nilirudishiwa nusu ya pesa.

Ya pili nilimkuta nayo kijana aliyeitoa kwenye MX-5 yake ili afunge ya gia sita. Nikaiweka mezani, nikachora alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na nyingine kwenye ya kutokea, nikaingiza gia ya kwanza na kuzungusha kwa mkono. Mara tatu na kidogo, alama ya nyuma ikarudi juu. Gia ya pili, karibu mara mbili. Ya nne, moja kwa moja, alama zote mbili zikafika juu pamoja. Hakuna kukwama, hakuna beringi iliyoguguna. Oili ilitoka chafu lakini bila shaba. Nikaijaza lita mbili za 75W-90 ya daraja la GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 zina dawa zinazokula shaba.

Sasa ikaja shida ambayo sikuitegemea. Mkono wa gia wa giaboksi hii unachomoka moja kwa moja juu yake, hauna vyuma vya kuusogeza. Injini ikikaa hapa, mkono wa gia unakaa pale. Nilikuwa nimepanga kuisukuma injini nyuma kadiri inavyowezekana ili uzito ukae katikati. Kabla ya kuchomelea nikaketi ndani ya chasisi juu ya ubao, nikafumba macho, nikaushusha mkono wa kushoto unapopenda kushuka. Mke wangu akasimamisha mpini wa ufagio pale vidole vilipotua, akaweka alama. Tulifanya hivyo mara tano. Mkono wa gia ungekuwa milimita 60 nyuma ya alama, karibu na kiwiko. Nikaisogeza injini mbele milimita 60. Mizani ya uzito ilipungua kidogo, na sijutii. Tena, kule mbele ile silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi ikapata nafasi, maana mwanzo ilikuwa inagusa bomba la upande wa miguu ya dereva.

Jambo moja nawasihi mnaotaka kutumia giaboksi hii mlitazame mapema. Kwenye MX-5, giaboksi haina mshikio wake wa nyuma. Imefungwa kwenye boriti ndefu ya aluminiamu inayofika hadi kwenye difu, na boriti hiyo ndiyo inayoizuia difu isiinue pua unapokanyaga mafuta. Ukiitoa boriti, umeviacha vyote viwili bila mshikaji. Nilitengeneza daraja la chuma lenye mpira chini ya mkia wa giaboksi, na mshikio mwingine mbele ya difu. Propela shafti, ule mhimili unaotoka giaboksi hadi difu, niliipeleka kukatwa na kulinganishwa mwisho kabisa, kila kitu kikiwa kimeshafungwa moja kwa moja.

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na klachi ya milimita 215 nilinunua, kwani otomatiki haina. Beringi ndogo ya ncha ya shafti inakaa kwenye flaiwili, nikaweka mpya.

Baada ya ukaguzi wa serikali na namba ya usajili, nilitoka asubuhi ya Jumapili kuelekea barabara kuu ya M1. Gia ya pili, ya tatu, mkono unashuka na kuikuta pale pale pa mpini wa ufagio. Kwenye tano nikashikilia maili 70, nikatazama mshale wa mizunguko ya injini. Ulikuwa umesimama katikati ya elfu tatu na elfu nne.